Maharagwe ya Magazeti

Mke wangu alikuwa akipika chai katika ofisi moja ya Westlands, Nairobi. Kila Ijumaa mwenye ofisi, mzee wa Kihindi asiye na maneno mengi, alimfungia magazeti ya wiki nzima kwa kamba ili aje nayo nyumbani. Majirani zetu wangeyawashia jiko. Sisi tuliyasoma. Nasema tuliyasoma, lakini msomaji alikuwa yeye. Mimi niliacha shule darasa la tano, na kazi yangu ni kushona viti vya sofa kando ya barabara ya Ngong. Yeye alifika kidato cha pili. Ndiyo maana nilimwita mwalimu, naye akaniita fundi, kwa kuwa hatukujaliwa mtoto wa kutupa majina mengine.

Tulikaa Riruta, chumba kimoja katika ploti ya mabati, mlango wa kijani. Jumapili tukitoka kanisani, mimi nilichagua maharagwe ya kuchanganya na mahindi kwa githeri na yeye alisoma ukurasa wa maoni kwa sauti. Siku moja mwandishi mmoja aliandika kwamba viongozi wetu wanapiga zeze huku Roma ikiungua. Nikakumbuka kwamba Roma ilikuwa imeungua Jumapili iliyopita pia, tena kwa mkono wa mwandishi mwingine. Nikachukua haragwe moja jekundu nikalitupa ndani ya kopo tupu la mafuta ya kupikia.

"Hilo ni la nini?" akauliza.

"La Roma."

Alicheka mpaka akaweka gazeti chini. Tangu siku hiyo tukawa na mchezo. Roma ilikuwa haragwe jekundu. Ujerumani ya yule dikteta ilikuwa la manjano. Wapiganaji wa msituni, wale wa wakati wa mkoloni, wakapewa lile la madoadoa. Kufika jioni tulimwaga kopo ndani ya sufuria, juu ya mahindi, na chochote waandishi walichotupa ndicho tulichokula. Kuna wiki waliandika kwa busara tukalala na mahindi matupu.

"Wametunyima mboga, mwalimu."

"Ngoja waziri akasirike na magazeti," alisema. "Wiki ijayo tutashiba."

Na kweli, siku hizo hakuna kilichotushibisha kama ugomvi wa serikali na magazeti, na baadaye ugomvi wa magazeti na watu wa blogu. Sisi hatukujua blogu ni nini. Karani mmoja ofisini alimwonyesha kwenye kompyuta, naye akarudi kunieleza: ni shajara ya mtu aliyesahau kuifunga. Basi mtu mmoja wa blogu aliandika kwamba waziri fulani husinzia bungeni. Mwandishi wa gazeti akajibu kwamba watu hawa ni kama redio za Rwanda kabla ya mauaji. Mwingine akawatetea, akasema wao ndio wapiganaji wa msituni wa leo.

"Wa msituni walinyeshewa," mke wangu alisema. "Huyu amekaa kwenye kiti. Labda hata ni wewe uliyekishona."

Ila lile la Rwanda halikumchekesha sana. Jirani yetu wa mlango wa tatu alikuwa mama wa Kinyarwanda, muuza mitumba, aliyekuja Nairobi peke yake na ambaye hatukuwahi kumuuliza alimwacha nani. Jumapili moja alikuwa akifua nje wakati mke wangu aliposoma jina la nchi yake kwa sauti ya mzaha. Mikono yake ikasimama ndani ya beseni. Mke wangu akakunja gazeti. Jioni akampelekea bakuli la githeri akaomba radhi.

"Soma tu, mama," yule jirani alimwambia. "Hilo ni jina la nchi. Watu wanaishi huko."

Tangu hapo mke wangu alisema Rwanda tuipe njahi, zile nyeusi ambazo hazikubali kuiva haraka, ili zitucheleweshe tukae na hilo neno kidogo. Lakini waandishi hawakukaa nalo. Njahi zikawa nyingi kuliko Roma na Ujerumani pamoja. Hata sisi tukazizoea.

Alikufa mapema mwaka wa 2007, kwa kisukari. Tulimzika kwetu magharibi mwa Kenya, kando ya ua wa boma. Ndugu zangu walitaka nibaki huko. Nilirudi. Kijijini kulikuwa na kaburi lake, lakini Riruta ndiko kulikokuwa na sauti yake. Nikikaa kwenye kigoda changu, nikiangalia upande wa dirisha, niliweza kusikia hasa jinsi alivyosoma, jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kumcheka mtu. Mahali pengine popote sauti hiyo haikunijia. Nilijaribu hata kazini, nikafumba macho, nikasikia magari tu.

Nilikwenda Westlands kurudisha ufunguo wake wa ofisi. Yule mzee aliupokea, akaniambia, "Ijumaa utakuja." Basi nikawa naenda. Alifunga magazeti yeye mwenyewe, fundo lile lile, hakumwachia tarishi. Sikumbuki kama tuliwahi kuzungumza zaidi ya hapo.

Jumapili nilisoma kwa kidole, polepole, midomo ikitembea. Safu moja ilinichukua mchana mzima. Nilipofika Roma nilitia jekundu, nilipofika Ujerumani nilitia la manjano. Lakini sikupika. Githeri ya mtu mmoja haina maana. Nilikunywa chai kwa mkate. Kwa hiyo kopo likajaa, nikalishindilia, na bado waandishi hawakuchoka.

Halafu ukaja uchaguzi, mwishoni mwa mwaka ule, na yale yaliyoufuata, watu kufukuzwa na kuuawa kwa sababu ya kabila. Matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku. Simu zikaanza kuleta jumbe ambazo mtu asingetaka mtoto wake azisome. Mtaa ulianza kunitazama kama mtu wa magharibi, mimi niliyekuwa fundi tu kwa miaka yote hiyo. Westlands sikuweza kufika. Asubuhi moja ya Januari nilinunua gazeti kwenye njia panda, nikakaa kwenye kigoda. Mwandishi alikuwa akibishana iwapo watu wa blogu na redio za lugha za mama wanatupeleka Rwanda. Niliifikia ile sentensi kwa kidole, nikaisoma mara mbili. Kisha nikachukua njahi moja nikaibana juu ya nyingine. Sikuhisi kitu. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi mno.

Mchana yule jirani alisimama mlangoni.

"Fundi, uko?"

"Niko, mama."

"Funga vitu vyako utoke. Sasa."

"Nitoke niende wapi? Yatatulia." Nikamwonyesha gazeti. "Hawa wamekuwa wakisema hivi tangu mwalimu akiwa hai."

Hakulitazama gazeti. "Mimi sijasoma. Nimetoka bombani. Kuna vijana wamekaa pale dukani, wanataja milango. Wakasema wa kijani ni wa nani. Mmoja akajibu, wa fundi wa viti."

"Kwani unaona ni kama..."

"Si kama kitu," alisema. "Ni mlango wako."

Nilitazama dirisha. Nilitaka kumweleza kwamba siwezi, kwamba nikitoka hapa sitamsikia tena mtu wangu. Sijui kama nilisema kwa sauti. Najua alinijibu.

"Mimi niliacha sauti nyingi, fundi. Vaa viatu."

Nilichukua makasi yangu, shuka, picha ya kitambulisho ya mke wangu, na kopo.

"Godoro unaacha, unabeba maharagwe?"

"Ndiyo."

"Haya. Wanaume." Akajitwika sufuria yangu kichwani na kutembea nami, akiongea kwa sauti kubwa kuhusu bei ya mitumba, ili tuonekane watu wanaoenda sokoni. Pale dukani vijana walimsalimia yeye. Mimi hawakunisalimia. Alinisindikiza hadi barabara ya Naivasha, akanipa sufuria, akageuka. Nilitembea hadi uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, ambako watu wengine walikuwa wamekusanyika na mizigo yao.

Siku kadhaa baadaye alikuja kunitafuta kati ya mahema.

"Kuna watu wanakaa ndani," aliniambia. "Wametundika pazia dirishani."

"La rangi gani?"

"Fundi, la rangi gani litakusaidia nini?"

Tulikaa. Alikuwa ameniletea sabuni. Alipoondoka nilikaa kwenye sufuria niliyoigeuza, nikatazama upande ambao dirisha lingekuwa, nikangoja. Nilisikia watoto, na mtu akikohoa, na redio.

Kijana mmoja wa gazeti alipita akirekodi watu. Alikuwa na adabu. Aliniuliza haya yaliyonipata ningeyafananisha na nini, maana kuna wanaosema ni Rwanda. Nilifikiri nimjibu vizuri, kwa sababu mke wangu angependa nimjibu vizuri.

"Mlango wangu ulikuwa wa kijani," nikamwambia. "Walikuwa wanautafuta."

Alingoja niendelee. Nilikuwa nimemaliza. Akanishukuru, akamwendea aliyenifuata.

Jioni hiyo akina mama wa jikoni walikuwa na mahindi ya msaada lakini hawakuwa na cha kuchanganya. Nikawapelekea kopo. Yule aliyekuwa akikoroga alilimwaga kwenye ungo, akashangaa.

"Baba, nani alichanganya hivi? Hizi njahi haziwezi kuiva pamoja na haya mengine."

"Zipike tu, mama."

"Utalaumiwa wewe."

"Nilaumiwe."

Maharagwe yote ya mwaka mzima yaliingia katika sufuria kubwa. Nilipewa fungu langu kwenye sahani ya bati, nikaenda kukaa mbali kidogo. Mekundu yalikuwa laini, na ya manjano, na yale ya madoadoa. Njahi zilikuwa bado mawe. Watu wengine walizitema kando ya hema. Mimi nilizitafuna, moja moja, mpaka sahani ikabaki tupu.