Sababu ya Kuanguka kwa Lori

Binti yangu na wenzake watatu wanatengeneza michezo ya kompyuta katika nyumba ya kupanga huko Kiamunyi, na hakuna anayewakosoa kunizidi mimi. Mchezo wao wa kwanza ulikuwa wa nyani wanaoiba mahindi shambani. Niliucheza siku mbili, nikawaambia nyani wao ni nyani kweli, hata kujikuna wanajikuna, lakini ile mishale ya kumwonyesha mchezaji aende wapi inakera. Mtu hajapumua, mshale. Hajafikiri, mshale mwingine. Vijana hawa macho wanayo, subira ndiyo hawana.

Mwaka huu waliniita Jumamosi moja mchana nijaribu mchezo mpya, wa kuteremsha lori lenye mzigo kutoka Kimende hadi Mai Mahiu. Nimeendesha malori miaka ishirini na miwili, kwa hiyo nilikwenda nimevimba kichwa. Juu ya meza walikuwa wamefunga usukani na gia kwa skrubu, na pedali ziko chini.

"Sasa mzee," akasema kijana mmoja mwenye miwani, "tunataka feedback ya ukweli. Usituonee huruma, sema tu hata kama ni noma."

"Huruma nimeiacha nyumbani," nikamwambia.

Binti yangu alikaa kando yangu na daftari, ukurasa ameugawa mara mbili, mazuri huku na mabaya kule.

Nikiri kwamba walinishangaza. Ukungu ulikuwa ule ule wa asubuhi, unaofunguka ghafla na kukuonyesha bonde lote chini. Wauza kofia za ngozi ya kondoo walikuwa mahali pao. Na sauti ya injini, pale mzigo unapoanza kukusukuma kutoka nyuma, waliipata barabara hadi mgongo wangu ukakaza. Niliwaambia haya yote waziwazi. Kisha nikageukia makosa. Kila nikipita gari, sarafu za dhahabu zinaruka kwenye kioo, utadhani dereva ni mtoto wa kubembelezwa. Hakuna pa kusimama kunywa chai. Halafu malori yanayopanda hayakuwashii taa kukuonya kwamba kuna polisi mbele. Barabara gani hiyo, kila mtu yuko peke yake?

Nikiwa bado nalalamika, lori likaanza kukimbia. Nikakanyaga breki, pedali ikazama hadi chini. Kona ikaja, juu kidogo ya lile kanisa dogo la kando ya barabara, nikapinduka. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno meupe: "Breki zimefeli kwa joto. Sababu: dereva ameteremka na gia fri."

Nikautazama mkono wangu. Kweli, gia ilikuwa katikati, na sikumbuki kuitoa. Sisi madereva wa zamani ndivyo tulivyookoa dizeli. Ukifika kwenye mteremko unatoa gia, lori linajiendea lenyewe bila injini kulishika, na breki peke yake ndiyo inabeba mzigo wote. Kila mtu anajua ni kosa, na wengi tumelifanya. Mazoea yana taabu.

Miaka saba iliyopita niliangusha lori la saruji kwenye kona ile ile, na kila aliyeniuliza nilimwambia breki zilifeli zenyewe. Hakuna aliyekufa, ila mimi nilivunjika mguu. Nilipotoka hospitali nilisimama kanisani kwetu na magongo yangu, nikatoa ushuhuda jinsi breki zilivyonikataa na Mungu akashika usukani. Watu waliimba. Fundi aliyezitengeneza breki hizo wiki ile ile ya ajali alikuwa benchi la tatu, na mkewe. Wenye malori walimhama mmoja baada ya mwingine, akafunga gereji yake hapa mjini, akaenda Mai Mahiu kuziba pancha kando ya barabara. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilikuwa nimeitembea miaka saba bila kujikwaa.

Nikakasirika, kwa kuwa sikujua la kufanya lingine. Nikamwambia binti yangu aandike upande wa mabaya kwamba maneno hayo ya mwisho yaondolewe. Mtu ameshaanguka, inatosha. Nani anunue mchezo ili ahukumiwe na kompyuta? Nikasema hilo ndilo kosa lao kubwa kuliko sarafu, kuliko mishale, na wakiliacha hakuna dereva atakayeugusa mchezo wao.

Kijana wa miwani alifungua mdomo kunijibu. Binti yangu akamwomba atuchemshie chai, na alipotoka akaweka kalamu chini. Hakuwa ameandika kitu.

"Baba," akasema polepole, "hayo maneno si yetu. Tulienda Mai Mahiu kuuliza fundi vile breki hushika moto. Alitufunza siku mbili, akatuchorea kila kitu. Tukataka kumlipa, akakataa. Alisema anataka kitu moja tu, lori ikianguka, game iseme sababu."

"Alijua wewe ni mtoto wa nani?"

"Alijua."

"Akakuambia nini juu yangu?"

"Hakuniambia kitu. Aliuliza tu kama mguu wako ulipona."

Alijua. Alijua tangu Jumapili ile kwamba nadanganya, akasikiliza ushuhuda wangu hadi mwisho, akasimama akaimba pamoja na wengine. Nikamwomba binti yangu anipe namba ya simu ya fundi. Niliyokuwa nayo niliifuta mwaka ule wa ajali.