Kiti cha Mbele cha Yudita

Sisi tuliokulia Rumonge zamani, kando ya ziwa, ukitaka kitu cha kuchezea ulikitengeneza mwenyewe. Mpira ulikuwa majani makavu ya mgomba, gari lilikuwa bua la mtama, na ndege, siku tuliyoitaka, tuliijenga kwa matawi ya michikichi nyuma ya nyumba, pale mama alipopikia mawese. Mikono yetu ilikuwa myekundu kutwa nzima, na hata ugali wa muhogo tuliokula na ndagala, dagaa wa ziwa letu, ulinukia moshi wa pale. Vijana wa leo simu ikizimika tu, wanasema hawana la kufanya. Mungu awahurumie.

Ndege tuliijua tumbo tu. Ilipita juu ya ziwa ikielekea Bujumbura, nasi tukasimama vinywa wazi mpaka mlio uishe. Kwa hiyo kaka yetu mkubwa, Elia, alipoichora mchangani, alichora chombo alichokijua: mtumbwi. Mtumbwi huongozwa na mtu wa nyuma, mwenye kasia. Basi Elia akajiweka nyuma, nami nikawekwa katikati na jogoo, abiria wawili.

Dada yetu Yudita alitaka kuendesha. Majini hakuruhusiwa, maana wazee walisema mwanamke akipanda mtumbwi wa uvuvi ndagala hukimbia. Angani, alisema, hakuna ndagala.

"Wewe enda mbele, utoe maji," Elia akamwambia.

"Ndege iko na maji?"

"Kila chombo iko na maji. Kaa."

Akakaa na kopo lake, amenuna. Ndipo padri mmoja mgeni, aliyekuja kubariki nyumba ya jirani, akasimama kututazama. Akauliza rubani ni nani, na Elia akapunga mkono kule nyuma. Padri akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Rubani anakaa mbele, watoto wangu. Huyu binti ndiye anawapeleka."

Elia akashuka, akasema yeye hapandi ndege ya mutoto wa kike. Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria, akasema, "Kiti ni cha Mungu. Sisi tunakikalia tu." Yudita akatupa kopo. Lakini mawese yalihitaji moto, na kabla hajatufikisha popote mama alikuwa ameanza kuchomoa mabawa.

Miaka ikatuchukua: ukimbizi Tanzania, kurudi, Yudita kufundisha hesabu, uzee. Kila mara alisema siku moja atapanda ndege, akae karibu na rubani aone. Kisha daktari akamkataza, kwa ajili ya moyo wake. Hakulia. Akaanza kukusanya vitu.

Leo sebuleni kwake kuna chumba cha rubani. Kiti kimetoka kwenye minibasi iliyochoka. Usukani ni mabomba ya maji, na springi za kitanda huurudisha katikati. Ukuta wa mbele ni mbao nyembamba, umejaa swichi za taa za nyumba. Ndani yake amefunga vitufe vya kuzungusha sauti vya redio kuukuu, navyo huiambia kompyuta, yenye mchezo wa kurusha ndege kwenye televisheni, umegeuza usukani kiasi gani. Pedali kachomelea Elia, ambaye siku hizi hupiga magoti kwa shida hata kanisani. Nilipoonyeshwa hayo yote nilimtukuza Mungu anayeweka hekima kwenye vidole.

Kuruka alijua upesi. Kutua ndiko kulimshinda. Kila mara alituzamisha ziwani. Jumapili iliyopita, baada ya misa, aliiinua ndege tena kutoka Bujumbura. Kabezi ikapita, Muhuta ikapita, milima mkono wa kushoto na maji yasiyoisha mkono wa kulia. Nilisahau kwamba ninatazama televisheni. Akazunguka juu ya msitu wa Kigwena, akarudi.

"Yudita, polepole," Elia akasema akiwa mlangoni.

"Abiria anyamaze."

Uwanja ukaja, ukakua, ukajaa kioo. Magurudumu yakagusa, yakaruka kidogo, yakashika ardhi. Yudita akakanyaga pedali mpaka ndege ikasimama. Mikono yake ilibaki kwenye mabomba.

Enzi zetu ndege ilifika popote tuliposema imefika, na hakuna aliyetubishia. Hii ya sasa haina huruma hiyo. Inaujua kila mlima wa pwani yetu, lakini tulipopita juu ya Rumonge sikuona moshi hata wa jiko moja. Ile ya matawi naikumbuka kwa hamu, maana wote tuliowapenda walikuwa wamesimama kando yake. Ila ile ilimwambia dada yangu kwamba anaweza kukaa mbele. Hii imemwambia kwamba anajua kuendesha.