Mtoto Asiambiwe Nimesafiri

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ile ya elfu mbili na kitu, nikizunguka uani kwetu Uthiru na simu mkononi, wala sina wa kumpigia. Ndani, mama yako, dadangu mdogo, alikuwa amelala sebuleni. Saratani ya damu, ile kali isiyosubiri mtu, ilikuwa imezishinda dawa. Daktari alikuwa ametueleza wazi kwamba kilichobaki ni kumtuliza maumivu, naye akachagua kutuliziwa nyumbani. Muuguzi alikuwa akija na mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, akatufundisha kumpangusa fizi zilizovuja damu kwa kitambaa laini.

Hiyo kazi niliiweza. Kukaa tu ndiko kulikonishinda. Nilileta maji, nikaleta uji, nikaleta mto ambao hakuna aliyeuomba.

Siku hiyo watu wa kanisa walijaa sebuleni, nami nikaingia. Mama yako akainua mkono. "Nataka kusema juu ya mtoto. Nikienda..."

"Usikiri kifo, dada. Tunakikataa," wakamkatiza. Wimbo ukaanza, nami nikapiga makofi kuliko wote, maana kelele zilinifaa.

Ndipo shosho yako, mama yetu, akasimama. Unakumbuka alivyokuwa, hata mchungaji alimwogopa.

"Nyamazeni. Huyu tangu Jumapili anataka kuongea, na nyinyi mnamfunga mdomo na nyimbo. Kwani nani mgonjwa hapa? Na wewe," akanigeukia, "kaa chini. Unatuzungusha kichwa."

Nikakaa. Mama yako akasema polepole, "Mtoto asiambiwe nimesafiri. Mleteni nimwambie mwenyewe."

Nilitamani kutoroka, sikufichi. Lakini nilikuleta, ukiwa bado na sare yako ya shule ya nasari. Akakuambia anakufa, kwamba hukukosea chochote, na kwamba utakaa kwangu. Wewe ukauliza nani atakusuka nywele, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa msusi, pale Kenyatta Market.

"Mjomba atajifunza," akasema, akacheka kidogo.

Nilijifunza, ingawa picha zako za shule zinanisuta. Ulilia sana tulipomzika. Lakini hukuwahi kukaa langoni ukimngoja.

Sasa rafiki yako amelazwa na ugonjwa huohuo, nami nakuona unavyohangaika, leo matunda, kesho blanketi. Nenda ukakae naye. Akitaka kuongea juu ya kufa, usimkatize, hata kwa maombi. Mungu akutulize miguu, mwanangu, akuweke karibu na kitanda chake mpaka amalize kusema.