Aliyeshika Ncha ya Pili

Sikulazimishi kuamini. Lakini kilichoninyima usingizi usiku mbili mfululizo, mwaka 2015, si kama nilimwona au sikumwona. Nilimwona. Nilichojiuliza ni kama bado anazunguka.

Nilikuwa nimehitimu masomo ya kompyuta Louisville, na karatasi zangu za kukaa Marekani zilitegemea kazi ya fani hiyo. Jumba dogo la maonyesho huko Buffalo likanichukua kwa majaribio. Walikuwa wameunda upya mashine ya zamani ya vita, ya kuvunja siri za adui. Husoma mkanda mrefu wa karatasi wenye matundu, ncha zake zikiunganishwa kwa gundi ili upite tena na tena bila kukoma. Jumamosi wageni wangekuja kuiona. Isipofanya kazi, basi na mimi sina kazi.

Alhamisi mchana bosi alitoka kula, nikajaribu kuunganisha peke yangu. Ncha zikateleza. Mama mmoja wa makamo, Mzungu, sweta la kijivu, akaja akashika ncha ya pili. Nikadhani ni mwenzetu wa kazini.

"Bonyeza, mdogo wangu. Usipumue."

"Sawa, dada."

Gundi ikashika, nikaenda kunawa. Maji yakiwa mikononi ndipo nikajiuliza: tumeongea lugha gani? Niamini, kilikuwa Kiswahili, tena cha kwetu Morogoro.

Niliporudi hakuwapo. Nikawasha mashine, taratibu. Kila mara kiungo cha gundi kilipopita kwenye taa ya kusomea matundu, nilisikia nyayo zikianzia mlangoni, zikaja kusimama nyuma ya bega langu, na sauti ya yule mama ikauliza: "Bado?" Kisha mlangoni tena. "Bado?" Wewe ungegeuka? Mimi sikugeuka.

Bosi aliporudi alifurahi, akauliza nani amenisaidia, maana kazi ile ni ya watu wawili na jengoni hapakuwa na mtu mwingine. Nikasema naumwa. Nikaendesha gari mpaka Whitehall, pembeni ya Columbus, kwa shangazi.

Shangazi anahudumia wazee, hashtuki ovyo. Alinisikiliza huku akimenya viazi, akanicheka kwamba shule zote zile nimeishia kukimbia karatasi. Kisha akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo umemfungia mtu kwenye mkanda huo, halafu umekuja kulala kwangu?"

Mpaka leo feni ikizunguka, au mashine ya kufulia, huwa nasubiri ile "Bado?" Nawe ukishikiwa ncha ya kitu, mtazame kwanza aliyeshika.

Jumamosi ile alfajiri nilianza safari ya kurudi Buffalo. Nilipofika, wageni walikuwa wanapiga picha, mkanda unazunguka, hakuna aliyesikia kitu. Mimi nilisikia. Sauti ilikuwa imechoka mno. Nilijua nikiugusa mkanda ule kazi imekwenda, na karatasi zangu nazo.

Nikachukua mkasi mezani, nikakata.

Kwenye gundi palikuwa na alama mbili za vidole gumba: changu, na kingine chembamba. Nyayo zikaanza tena, safari hii kutoka nyuma ya bega langu, zikielekea mlangoni. Hazikurudi.