Matundu Mawili ya Goti la Nassoro

Nassoro wa Magamba aliishi kwa kubeba magunia ya karoti kutoka bondeni hadi barabarani, mpaka siku alipoteleza kwenye matuta na kano ya ndani ya goti ikakatika. Hospitalini walimtoboa matundu mawili tu, wakapitisha kamera nyembamba, wakamwekea kano mpya.

"Miezi tisa usibebe mzigo," daktari akamwonya.

Wiki ya sita kijiji kikaitisha msaragambo, watu wote wakachimbe mfereji wa maji. Mzee Kassimu, msimamizi wa kazi, akamfuata nyumbani.

"Shikamoo, mzee. Mimi nimepasuliwa goti."

"Marahaba. Hebu nilione."

Nassoro akapandisha suruali. Vikovu viwili, kila kimoja kama punje ya harage. Mzee akaguna.

"Huku ndiko kupasuliwa? Mbona miiba imenichana mimi kuliko hapo!"

Aibu ikamshinda, akaenda. Jiwe la pili tu, goti likalia ko, akaanguka mferejini.

Sasa amelala tena hospitalini, na daktari anamtuliza kwamba matundu yatakuwa yale yale mawili. Nassoro anamng'ang'ania koti, machozi yanamtiririka.

"Nakusihi, daktari. Safari hii nichane kuanzia pajani mpaka kwenye kifundo, waone."