Gauni la Mwenyeji wa Granada

Mume wangu alipotaja upana wa mabega ya mwanamke mwingine bila kusita, nilikuwa nimebana pini mdomoni, na ndiyo sababu pekee iliyonifanya nisimjibu palepale.

Tulikuwa dukani kwangu Ngarenaro, Arusha, ninakoshona mapazia na magauni. Viza zetu za Hispania zilikuwa zimetoka, imebaki zawadi. Alitaka nimshonee mwenyeji wetu gauni la kitenge. Nikamuuliza vipimo nitavitoa wapi wakati huyo mama sijawahi kumwona. Akasema, "Mkatie kama unajikatia wewe, ila mabega punguza inchi moja, na urefu ongeza mbili." Kisha akatoka nje kupokea simu.

Inchi moja! Mtu niliyekaa naye kwenye ndoa miaka kumi na saba, ambaye nilipomwagiza viatu alinunua namba inayomtosha mdogo wangu.

Mume wangu ni dereva wa kuongoza watalii. Zamani alisoma Kihispania kidogo, kingine akakiokota kwa wageni wenyewe, na sasa kampuni ikipata Wahispania inampa yeye. Huyu mama ni mwalimu mstaafu, mjane, na amekuja kutembea mbugani mara tatu. Mara zote tatu aliomba aendeshwe na mume wangu. Krismasi na Pasaka humtumia ujumbe wa sauti, naye huenda kuusikiliza nje kando ya gari, akicheka. Safari hii alitualika wote wawili, siku nne, nyumbani kwake Granada. Akina mama wa kanisani walinipongeza kwa bahati hiyo. Niliitikia vizuri tu. Moyoni nilijua naenda kukagua.

Gauni lilimkaa kana kwamba nilimpima mwenyewe. Alilivaa jioni ileile tuliyofika, akajizungusha sebuleni huku akipiga makofi, nami nikamzunguka kifundi, nikitafuta mahali palipovuta au palipolegea. Hapakuwepo. Mume wangu akaniambia, "Umeona?" Sikujua anasifia mkono wangu au jicho lake.

Mji ulinikera kwa sababu sikupata la kuulaumu. Mwenyeji wetu anakaa mtaa wa zamani uliopanda kilima, nyumba nyeupe zimebanana, vichochoro vyembamba kiasi kwamba ukikutana na mtu mwenye kikapu cha soko mmoja wenu anakaa upande. Chini wamepanga vijiwe vidogo kwa mapambo, vizuri kutazama, vibaya kukanyaga kwa viatu vyangu vya Jumapili. Ng'ambo ya bonde kuna jumba la wafalme, kuta zake zina rangi ya udongo wa kwetu, na nyuma yake milima yenye theluji. Asubuhi ya kwanza mwenyeji alitutembeza. Hapa kanisa lilijengwa msikiti ulipokuwa. Hapa watu waliteka maji. Mume wangu alinitafsiria kila neno, kazi hiyo hana mpinzani. Lakini walipocheka, hakutafsiri. Alisema tu, "Ah, huyu mama ana vituko," basi, nikabaki nimeshika mkoba.

Niliona jambo ambalo nyumbani sijaliona. Kwa Kihispania mume wangu ana mikono. Anaipeperusha, anajigonga kifua, anacheka kutoka tumboni. Kwa Kiswahili anacheka kwa pua, na kwa Kimeru, akiwa na kaka zake, hata pua haitumii. Nilimtazama kama mtu aliyekuta sufuria yake ikipikiwa kwa jirani.

Tulipokuwa tunashuka akamshika mwenyeji kiwiko. Mama wa watu ana goti bovu, nakubali. Akamshika tena kwenye ngazi, tena kwenye kona, na kila mara alikuwa ameshanyoosha mkono kabla goti halijayumba. Sisi tukitoka kanisani Arusha, yeye hutangulia hatua tatu, nami nafuata na watoto. Wanaume wa kwao, mlimani upande wa Wameru, hawashiki wake zao njiani, na mimi Mchaga niliyezaliwa na baba wa aina hiyohiyo sikuwahi kuona kasoro. Kumbe mkono wa kushika anao. Mchana nikawa natafuna mkate wao kwa wivu, bila kuusikia ladha.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa ya kuingia kwenye lile jumba. Tiketi zina saa yake, ukichelewa hupati, na pasipoti wanakagua. Tulisimama kwenye foleni, kando ya ua wa miti iliyokatwa ikanyooka kama ukuta. Mume wangu alikuwa amemshikia mwenyeji mwavuli wa jua. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mimi nimechoka. Nendeni tu."

Kwetu, kuanzia Machame hadi Tengeru, mke akisema "nendeni tu" maana yake ni kwamba atakayekwenda atanitambua. Nilitaka achague. Nilikuwa nimevuka bahari kwa ajili ya hilo tu, nijue mume wangu ni wa nani.

Aliangalia saa. Akaangalia tiketi. Akamwambia mwenyeji kitu, mwenyeji akamtazama usoni, akanitazama mimi, akamjibu kwa maneno mawili matatu na kumsukuma begani. Mume wangu akaenda. Akaenda peke yake. Yule mama akaja kuketi nami kwenye benchi, akiwa na gauni langu mwilini, akashusha pumzi na kunyoosha goti.

Sikuwa nimejipanga kwa hilo. Kiingereza chake kibovu, changu cha kuuzia mapazia. Tukatazama watu wakipita. Mwishowe akaniwekea mkono juu ya mkono akasema, "Binti yako mdogo. Pole sana."

Nikamwambia binti yangu mdogo hajambo, yuko kidato cha pili. Akatikisa kichwa. Akaweka viganja vyake viwili hewani, akaviacha na nafasi katikati, urefu wa mtoto wa siku chache. Kisha akalitaja jina la mtoto wangu.

Miaka sita nilikuwa sijalisikia jina lile kwenye mdomo wa mtu. Aliishi siku tatu. Mume wangu alikuwa ndani kabisa ya Serengeti na wageni, mtandao haukushika, na wazee wakasema mtoto mdogo vile hasubiriwi. Akazikwa migombani, nyumbani kwao mume wangu, kabla baba yake hajafika. Alifika siku ya tano, akateremka migombani peke yake, akarudi, akaniuliza kama kuna chakula. Nikampashia. Alikula mpaka sahani ikabaki tupu, na tangu siku hiyo nilimhesabu kuwa mtu asiyeumia. Hatukumzungumzia tena mtoto. Nilidhani amelisahau hata jina.

"Alilia," yule mama aliniambia. "Alisema wewe ulimbeba siku tatu, na yeye hata mara moja." Alisema mengine pia, nusu Kiingereza, nusu mikono. Kwamba kila alipokuja Tanzania alimuuliza habari zangu, na mume wangu alimweleza. Anajua nilivyoanza duka na cherehani moja. Anajua nikikasirika napika ugali mgumu. Aliyasema kwa upendo, kama anayenipelekea mzigo ulioachwa kwake kwa makosa, na mimi nilitamani kumvua lile gauni palepale.

Sikuwa na la kumshtaki. Hapakuwa na mapenzi, hilo nililiona waziwazi, na nilitegemea moyo ungetulia. Ukawaka upya. Kama angekuwa hawara ningejua pa kuanzia.

Mume wangu alitoka baada ya saa moja na nusu, uso umejaa maneno, akaanza kunieleza madari yaliyochongwa na maji yanayopita katikati ya vyumba. Mwenyeji akainuka polepole, akasema anafuata maji ya kunywa, akatuacha. Nikamkatiza.

"Kwa nini ulimwambia yeye?"

Hakuuliza nazungumzia nini. Alikaa palepale alipotoka mwenzake, akazungusha kofia mikononi.

"Aliniuliza," alisema.

"Na mimi je? Mimi si mama yake?"

"Wewe mama, kila nikipiga simu unaniuliza narudi lini. Nikirudi unaniuliza nimekula." Hakusema kwa ukali, na ingekuwa nafuu kama angefoka. "Na mimi sikukuuliza. Niliogopa. Niliona unanichukia."

"Nilikuchukia kweli."

"Najua."

Nilitaka kumwambia kwamba mke anayesubiri maiti ya mtoto izikwe bila mume hana nguvu za kuuliza maswali, kwamba yeye ndiye aliyepaswa kuanza. Bado naamini hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa na haki, nikamuuliza ilikuwa wapi.

Akaniambia ni njiani wakirudi, kabla ya kufika Karatu, simu iliposhika mtandao na jumbe za kaka zake zikaingia zote kwa pamoja. Alisimamisha gari akawaambia wageni anakagua tairi. Tairi halikuwa na shida yoyote. Alichuchumaa upande ule wasikoweza kumwona, akawa anashika nati moja baada ya nyingine, anazikaza kwa vidole, anaanza upya. Yule mama akashuka. Magoti yake yalikuwa mazima siku hizo. Akachuchumaa kando yake, akamuuliza kuna nini.

Nilikuwa nimekwenda Granada nikishuku kwamba mwanamke yule amelala mahali pangu. Kumbe alichuchumaa tu, vumbini, kwa dakika chache, na hadi leo hilo ndilo ninaloshindwa kumsamehe.