Sauti Iliyobaki Kuuza Unga

Leo tarehe tatu ya mwezi wa kwanza. Mvua inanyesha tangu asubuhi, si ile ya nguvu, ni ile ndogo ya huku kwetu isiyo na haraka, na ukungu umeshuka mpaka upande wa Rughenda hauonekani. Nimekaa mu duka, mlango wazi. Naandika juu sina mtu wa kuongea naye, na pia nataka kuweka mambo ya siku hizi sawa, kila mtu na haki yake. Sikusoma sana. Kama kuna kitu nilielewa mbaya, kosa ni langu.

Tunauza unga ya uji. Mimi nakaanga soya, mahindi na mtama, napeleka ku mashine, nachekecha. Bibi yangu, mama ya watoto wangu, anafanya yote yanayobaki, ndiyo kusema yeye ndiye anafanya biashara. Alinunua megafoni ndogo kama zile za wachuuzi wa barabarani, akasema maneno ndani yake, tukaifunga juu ya mlango ikawa inarudia kutwa nzima: "Mama ya batoto, simama kwanza! Uji ya soya, uji ya mtama, mutoto anakunywa anasahau kulia! Kuja uonje, kuonja ni bure!" Mwishoni anacheka kidogo. Hakupanga kucheka. Ni mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na unga kwenye ndevu. Kicheko kikabaki ndani, na watu wa avenue yetu wakakizoea.

Baada ya sikukuu ya Noël, bibi yangu alikwenda Beni na watoto. Mama yake anaumwa miguu, hafiki tena hata sokoni, na dada zake wamepata chumba cha kuuzia pembeni ya soko ya kule. Walimwambia: leta unga yako huku, ukae na mama, watoto wasome huku. Hakunificha. Tulizungumza tukifunga mizigo.

"Baba batoto, siyakubali bado na siyakatala bado," alisema. "Unipatie mpaka kisha Bonane, mwaka mupya uingie. Nitawaza, nitakupa jibu."

"Na mimi nifanye nini?"

"Usiache duka inyamaze. Butembo, ukinyamaza mu fête, mu sikukuu hizi, mu mwezi wa kwanza watu wanauliza kama ulianguka. Asubuhi weka picha mu statut ya simu, megafoni iimbe. Donc nikirudi, nikute bangali wanatujua."

Neno hilo, "nikirudi", nililishika sana. Mais mtu anayefunga mizigo husema nikirudi hata kama hajui. Sikumwambia abaki. Hata leo sijui kama ile ilikuwa heshima au uoga.

Siku za fête mji ulikuwa kama nyumba iliyofagiwa watu wakatoka. Mama anayetusaidia kufunga pakiti alikwenda kwao Musienene. Mwenye mashine alifunga, akapanda Masereka. Wateja wenyewe, nani anakunywa uji wakati nyama iko ku sufuria? Walipita na nguo mpya, wakanisalimia, wakaendelea. Siwalaumu. Hata mimi ningepita.

Nilifanya kama alivyoniagiza. Picha ya kwanza niliyoweka ilitoka kichwa chini, miguu juu, na kutoka Beni akaniandikia: "Baba batoto, unga inamwangika." Simu inaonyesha chini ya picha nani ameiangalia. Kila asubuhi niliweka picha ya pakiti, kisha nikakaa kutafuta jina lake kati ya wale walioangalia. Nikiliona, naweza kuendelea na siku. Nisidanganye: picha zile hazikuwa za wateja.

Na pale juu ya mlango sauti yake iliita, ikacheka, ikaita tena. Mchana nilikula nikiisikiliza. Siku moja ilisema "simama kwanza", nikajikuta nimesimama na kijiko mkononi.

Halafu mzee wa nyumba ya mlango wa blue akafa. Mimi nilikuwa nyuma nakaanga soya, mvua inapiga bati, sikusikia kilio. Kwetu, mtu akifa mu avenue, redio zinazimwa na kila mtu anauza kimya mpaka azikwe na matanga yamalizike. Hakuna anayeamriwa. Hata walevi wanajua. Lakini mu duka yangu megafoni iliendelea kuita na kucheka. Mama jirani, yule anayeuza ndizi mbele yetu, akaingia mbio na kitenge kichwani.

"Papa! Wewe uko mutu gani? Watu banalia pale, na bibi yako anacheka!"

"Mama, sikusikia. Nani amekufa?"

"Muzee wa mlango ya blue! Zima ile kitu, mbele vijana wakuje kuizima na mawe."

Nilizima. Nikabeba kuni na haragi, maharagwe ya kupikia watu wa matanga, nikaenda, nikaomba msamaha kwa watoto wa marehemu. Mkubwa wao alinishika mkono, akasema: "Papa, acha. Baba alipenda ile kicheko." Sijui kama ni kweli au ni adabu tu. Nilikaa na wanaume pembeni ya moto. Bonane ilitukuta palepale, bila wimbo.

Mmoja akaniuliza: "Na mama batoto?"

"Iko Beni."

"Barabara iko muzuri?"

"Banasema iko muzuri."

"Anarudi lini?"

Nikasukuma ukuni ndani ya moto, na aliyeuliza akaelewa, akaanza kuongea habari ya bei ya mbao.

Matanga yalipomalizika nikarudi kuwasha megafoni. Kuna kifungo cha kijani na kifungo cha nyekundu. Yeye ndiye alikuwa anaigusa siku zote, mimi kazi yangu ni soya. Nikabonyeza nyekundu. Ikakaa kimya, nikaitikisa, nikaongea peke yangu kama mjinga, kisha nikabonyeza kijani. Avenue nzima ikasikia sauti yangu: "Ee, hii ni nini tena? Ee Yesu!" Na tena: "Ee, hii ni nini tena? Ee Yesu!" Mbele nijue namna ya kuizima, mama jirani alikuwa amekaa chini pembeni ya ndizi zake, ameshika tumbo.

"Papa, leo unauza nini? Unatuuzia Yesu?"

Nilicheka naye. Kisha nikaingia ndani, nikabonyeza na kubonyeza, nikitafuta ile sauti ya zamani. Haikuwa tena. Nilikuwa nimeifuta.

Ningempigia simu papo hapo. Sikumpigia, na nataka kusema juu ya nini. Ya kwanza ni aibu. Ya pili, yeye alikuwa anawaza jibu lake, na nilisema moyoni, nikimwambia sauti yake imepotea, atafikiri ninamvuta kwa kamba. Donc niliomba binti ya mama jirani, anayeimba mu chorale, aseme maneno yaleyale. Akasema vizuri. Kwa haki lazima niandike hivi: sauti yake inafika mbali kuliko ya bibi yangu, na siku ile wateja walianza kurudi. Mwishoni hakucheka. Hakukuwa na sababu ya kucheka.

Jana asubuhi niliweka picha mu statut. Nikatafuta jina lake. Halikuwepo. Nikafunga simu, nikafungua, nikafunga. Saa sita ya mchana yeye mwenyewe akapiga.

"Baba batoto, mu duka yangu kuko nani?"

"Kuko mimi."

"Banasema kuko mwanamuke anaita wateja."

"Ni sauti tu. Ni ya binti ya mama jirani. Mwenyewe hayuko."

"Na sauti yangu ilikwenda wapi?"

Nikamweleza: matanga, kifungo cha nyekundu, Yesu. Nilifikiri atacheka pale pa Yesu. Hakucheka. Nilisikia kuku wa kwao, na mtoto wetu mdogo akiomba kitu.

"Ungeniomba," alisema. "Barabara inaweza kufungwa, mais sauti inapita. Ungeniomba tu, ningekutumia ingine."

"Sikutaka kukusukuma."

"Kuomba haiko kusukuma. Wewe hauniombaka kitu. Hata siku nilifunga mizigo, ulinisaidia kufunga kamba. Haukuniomba nibaki."

"Ningekuomba, ungebaki?"

"Sijui. Mais ningejua unataka."

Nani alimpelekea habari ya sauti ya mwanamke mwingine, sikuuliza. Huyo mtu hakusema uongo.

"Kesho nitakutumia ingine," alisema mwishoni. "Nitasema yote ndani."

Nilidhani yote ni soya na mtama.

Imefika leo asubuhi. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana na simu ilikuwa na moto kidogo sana, chaji inaisha, donc nikawaza, nisiisikilize mara mbili, niiingize moja kwa moja. Niliweka simu mbele ya mdomo wa megafoni, nikashika kifungo cha nyekundu, safari hii nikijua ni ya nini. Akaanza:

"Mama ya batoto, simama kwanza! Uji ya soya, uji ya mtama, mutoto anakunywa anasahau kulia! Ba Butembo, duka ni ile ile, baba batoto iko ndani. Na ba Beni, tuko pembeni ya soko, kuja munikute mimi mwenyewe, tunafungua siku masomo inaanza!"

Nilikuwa nimeshika kifungo. Neno lolote ningesema lingeingia ndani, na avenue ingelisikia kutwa. Nikafunga mdomo, nikapumua kwa pua polepole mpaka alipomaliza. Mwisho wa maneno yake kulikuwa na kimya kidogo, kama mtu anayengoja ajibiwe. Kimya hicho nacho kiliingia.

Nikaifunga juu ya mlango, nikabonyeza kijani. Mama jirani akasikia, akasimama.

"Papa, kumbe muko na maduka mbili! Félicitations!"

"Aksanti, mama."

"Na wewe unabaki na nani?"

"Na unga."

Nilitaka iwe mchezo. Hakucheka. Aliniangalia, kisha akashughulika na kupanga ndizi zake ambazo zilikuwa zimepangwa.

Nimewaza tangu wakati ule, na siwezi kusema alinionea. Aliahidi jibu kisha Bonane, amelileta kisha Bonane. Mama yake hawezi kutembea, na mimi siwezi kuhamisha mashine ya watu kuipeleka Beni. Aliniweka ndani ya matangazo, "baba batoto iko ndani", mbele ya kila mtu. Mtu anayekuacha hasemi hivyo. Lakini hata anayekuja hasemi hivyo. Mahali pangu ni hapo katikati, na sijui hapo panaitwaje.

Kitu kimoja nilifanya, na sina hakika kama nilikifanya vizuri. Mbele simu izimike, niliandika: "Nakuomba. Unga ya Beni nitaileta mimi mwenyewe, nisiipatie mutu wa gari. Nakuomba unikubalie." Nililiandika neno lile mara mbili, juu nilikuwa sijui kama mara moja inatosha. Nikatuma. Simu ikazimika papo hapo. Nimeipeleka kwa jirani mmoja mwenye panneau ya jua, anayechaji simu za watu, na kwa mvua hii amesema nirudi kesho. Sijui kama amejibu.

Nimeandika mpaka jioni, na megafoni imeendelea mpaka nimefunga mlango. Watu wawili watatu wamesimama kuonja.

Jioni hii nyumba yetu, ndiyo kusema mimi peke yangu, imekula fufu ya mihogo na sombe, majani ya mihogo. Fufu nilipika ya watu wanne, mkono haujazoea. Sehemu nimempelekea mama jirani, naye akanipa ndizi.